Damu haijaisha, inavunjika

Kila nikisikia mzazi hapa Uyole anaambiwa "mpe rozela na bitiruti, damu itarudi," roho yangu hukosa amani. Mimi pia niliambiwa hivyo.

Ilikuwa Julai, baridi kali. Nilitoa blanketi lililokaa sandukuni na vile vidonge vyeupe vya naftalini tunavyowekea mende. Mwanangu, mwaka mmoja na nusu, hulala akinyonya pindo la blanketi. Siku ya tatu nilimvua nepi nikakuta doa la rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nikampeleka dirishani: macho ya njano, viganja vimepauka. Duka la dawa wakanipa sirapu ya madini ya chuma.

Hospitalini ndipo nilipoelezwa. Chembe nyekundu ya damu huishi kama siku 120. Zake zilikuwa zinapasuka kabla ya wakati, na rangi yake ndiyo ile ya mkojo. Ana upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, protini inayozikinga chembe hizo zisivunjwe na vitu kama ile naftalini. Upungufu huo ni kitu cha kurithi, kinachowasumbua zaidi watoto wa kiume. Kipimo cha kwanza kilisoma sawa! Chembe dhaifu zilikuwa zimeshavunjika, zimebaki changa ambazo bado zina kimeng'enya hicho cha kutosha. Tuliporudia baada ya miezi mitatu, ukweli ukaonekana.

Kwa hiyo nasema wazi: kabla ya kuuliza ale nini, tuulize damu inakwenda wapi. Chembe zikivunjika, mara nyingi chuma chake hubaki mwilini, kwa hiyo kumwongezea bila kipimo ni kubahatisha. Daktari alimwandikia asidi foliki, vitamini ya kusaidia kutengeneza damu, maana mwili unatengeneza damu mpya kwa haraka.

Nyumbani kazi yetu kubwa ni kukinga. Naftalini haiingii tena, mablanketi nayaanika juani. Dawa za dapsoni na nitrofurantoini hapewi, maana nazo zinaweza kuivunja damu yake. Maharage yetu ya Mbeya anakula bila shida. Yanayokatazwa ni yale mapana yaitwayo fava. Homa yoyote naichukulia kwa uzito, kwani maambukizi nayo huvunja damu. Mkojo ukigeuka rangi, au akihema haraka na kulegea, hatusubiri kesho.

Juu ya kadi yake ya kliniki nimeandika G6PD kwa kalamu nyekundu. Nikiingia duka la dawa, naitoa hiyo kwanza, kabla ya pesa.