Rogue kuchoma ile sindano: alikosea au tunamuonea?

Juzi nimeirudia X-Men: The Last Stand, ile ya 2006, na ubishi wa zamani ukanirudia vilevile. Watu wakiiongelea hii muvi wanakimbilia Magneto, yule adui anayevuta chuma kwa nguvu zake, kung'oa daraja la Golden Gate, sawa ni tamu, ila kiini chake ni ile dawa. Kwa ambaye hajaiona, kuna watu wamezaliwa na nguvu za ajabu wanaitwa mutanti, jamii inawaogopa na kuwatenga, sa tajiri mmoja Worthington anatangaza kapata tiba, sindano moja tu unakuwa mtu wa kawaida. Rogue, binti mmoja wa upande wa X-Men, kikundi cha mutanti wanaompinga Magneto, anaenda kuchoma. Kuna mashabiki mpaka leo wanamwita msaliti.

Wanaomlaumu wana hoja, siwabishii. Storm, mutanti mwenzake Rogue, anasema hakuna cha kutibu maana hakuna anayeumwa, na kweli ukishalikubali neno tiba ushakubali kwamba wewe ni ugonjwa. Afu angalia dawa inavyohama mikono, imeanza kama hiari, watu wanapanga foleni wenyewe, muda si mrefu serikali ishaitia kwenye bunduki, na kule kisiwani Alcatraz, ilipo maabara ya dawa, hadi bunduki zenyewe ni za plastiki ili Magneto asizivute. Mystique, mutanti wa ngozi ya bluu, mfuasi wa Magneto, anajitupa mbele yake apigwe yeye hiyo sindano, ule ubluu wote unamtoka, anabaki mwanamke wa kawaida, uchi, kwenye sakafu ya lori, na Magneto huyohuyo anayehubiri undugu usiku na mchana anamwambia wewe si mwenzetu tena, anaondoka zake. Mi hapo ndo nilimvua vyeo vyote.

Lakini jamani, Storm nguvu yake ni kuita mvua na radi, akipita mtaani hakuna anayemshtukia. Rogue akigusana na mtu ngozi kwa ngozi anamnyonya uhai, kwenye ile ya kwanza ya 2000 alimbusu kijana chumbani kwao na kijana akaenda koma. Toka hapo ni glavu na mikono mirefu. Huyu unamwambia ajikubali, ajikubali nini hasa?

Beast, mutanti aliye waziri serikalini, ndo anamjibu Storm vizuri, kwamba si wote wanaoweza kujichanganya kirahisi, yeye ni manyoya ya bluu mwili mzima. Kuna sehemu fupi sana, ukienda jikoni inakupita, Beast anakutana na yule mtoto Jimmy ambaye dawa imetengenezwa kutoka kwake, mtoto akiwa karibu nguvu za mutanti zinazimika. Beast ananyoosha mkono, manyoya yanapotea, unabaki mkono wa mtu. Anauangalia. Anaurudisha, manyoya yanarudi. Hasemi anautaka wala hautaki, na ile sura yake inasema mengi kuliko hotuba zote za Magneto msituni.

Ninachowalaumu waliotengeneza ni kwamba uamuzi mzito hivi wameuharibu na mambo ya mapenzi, Rogue anamuona bwana'ake Bobby anateleza kwenye barafu na Kitty, binti mwenzao, basi, begi begani. Yaani hata mwenzao Wolverine anamuuliza kama anafanya kwa ajili ya mvulana. Wangempa hata dakika tano aseme mwenyewe anachokosa, nusu ya lawama zisingekuwepo.

Kwahiyo mi nipo na Rogue, ila sipo na Worthington, na hivyo ni vitu viwili. Mwanzoni mwa muvi kuna mtoto wake kajifungia bafuni, damu, anajikatakata mabawa yanayomuota mgongoni huku baba anagonga mlango. Dogo akishakua anapelekwa kuchomwa, dakika ya mwisho anakataa anavunja mikanda anaruka dirishani. Aliyekataa tunampigia makofi, aliyekubali tunamzomea, wakati wote wawili wameamua juu ya miili yao.

Afu cha ajabu, mwisho wa vita anayemchoma Magneto zile sindano ni Beast, aliyejiuzulu uwaziri kwa sababu dawa imegeuzwa silaha! Hilo sijaona mtu analibishia, labda kwa kuwa Magneto ni adui.

Na pale mwishoni kabisa mzee Magneto kakaa peke yake na ubao wa chesi, ananyoosha mkono, kete ya chuma inatikisika kidogo. Kama kwake dawa inaisha nguvu, na kwa Rogue je? Kwenye muvi hii mara ya mwisho tumemuona kavua glavu, kamshika Bobby mkono, hana habari.