Elimu bila ada ipo, kwanini bado tutenge hela ya kumzuia mtoto asiache shule?

Kila mwaka hapa Tabora ikifika mwezi wa tatu, wa nne, mjadala ni uleule. Utausikia kwenye vikao vya kata, kwenye magrupu ya Wasap, hadi kwenye mabenchi ya Amcos, vyama vyetu vya ushirika vya wakulima: watoto wa sekondari wanapungua darasani. Na mtu akithubutu kusema tutenge fungu la kuwashika wale wanaoelekea kuacha, anajibiwa palepale kwamba elimu ni bure, serikali imeshalipa, mtoto akiacha shule mzazi ni mzembe, akamatwe. Wanaosema hivyo siwadharau, wana hoja na zingine nzito tu, nitazifikia. Ila upande wa pili naona haujasikilizwa vizuri, watu wanadhani ni kugawa hela kwa wavivu.

Kwanza tuangalie bure yenyewe ni ipi. Kuanzia Januari 2016 ada ya sekondari za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne, mwaka 2022 ikafuatia ya tano na sita. Ada iliyofutwa kwa shule ya kutwa ilikuwa sh 20,000 kwa mwaka. Ni jambo kubwa, kuna watoto wamekaa darasani sababu ya hiyo na hakuna anayebisha. Lakini Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016 ukaeleza kila mtu abebe nini, na mzazi akabaki na sare, madaftari, kalamu, chakula, nauli, matibabu. Sasa ukimuuliza mzazi wa wilaya zetu za Kaliua au Sikonge, hivyo vitu alivyobakiziwa kwa mwaka mmoja ni vingi kuliko ile elfu ishirini mara kadhaa. Mtoto anayeishi mbali na shule ndo usiseme, maana anapanga geto, na geto lina kodi, mafuta ya taa au sola, unga, sabuni.

Afu kuna ile ruzuku ya uendeshaji, hela ambayo serikali inaipa shule kwa kila mwanafunzi, hapa naomba tukae kidogo maana ndo inayonikosesha usingizi. Kiwango ni sh 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Mwaka wa masomo una siku 194. Gawanya, unapata kama sh 129 kwa siku. Na nusu yake hubaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu, kwahiyo inayotua kwenye akaunti ya shule kwa mtoto mmoja ni sh 12,500, yani sh 64 kwa siku. Hiyo 64 ndo ichapishe mitihani, inunue chaki, ikarabati mlango, ilipie michezo. Mkuu wa shule anayeona binti wa kidato cha pili hajaonekana wiki mbili na anataka kumtuma mwalimu na pikipiki kilomita 15 akaulize kulikoni, petroli anaitoa kwenye fungu gani? Halipo. Kwahiyo walimu wengi wanatoa mfukoni, au hawaendi, na kwa mshahara ule siwezi kumlaumu ambaye hakwenda. Watu wakisema serikali imeshalipa huwa natamani wangeipiga hii hesabu wenyewe kwa kalamu, kwa sababu imelipa kweli, ila imelipia shule ifunguliwe, na hela ya kumfuata mtoto anayepotea haimo humo.

Hapo ndo inaingia hoja ya kalenda, ambayo kwa mikoa mingine inaweza isieleweke lakini kwa mtu wa Urambo, wilaya yetu nyingine ya tumbaku, haihitaji maelezo marefu. Shule zinafunguliwa Januari. Mkulima wa tumbaku Januari hana hela, hana kabisa, mbolea ni ya mkopo, gunia la mahindi ndo linaishia, na mauzo yanaanza mwezi wa nne au wa tano huko na malipo yenyewe kuna miaka yanachelewa hadi watu wanachoka kuulizia. Halafu kuanzia Februari majani yanaiva, yanachumwa, yanafungwa kwenye vijiti, yanaingizwa kwenye bani, kibanda cha kuyakaushia kwa moto. Yani mwezi ambao nyumba haina kitu kabisa ndo mwezi ambao mikono ya mtoto ina thamani kubwa kuliko wakati wowote, na ndo mwezi ambao shule inataka sare, daftari na mchango wa chakula.

Kuna kijana namfahamu, yuko kata moja ya Kaliua, mwaka jana alikuwa kidato cha pili. Bani likishawashwa moto haulali, unachochewa mchana na usiku karibu wiki nzima, joto lipandishwe taratibu, ukisinzia likashuka au likapanda ghafla jani linaharibika na daraja linashuka sokoni, ni hela ya mwaka mzima hiyo. Baba anachochea mchana, kijana anashika usiku. Asubuhi anatembea kwenda shule, macho mekundu ya moshi, saa nne kalala juu ya dawati, anapigwa, kesho yake anaona bora asiende. Bani la kwanza, bani la pili, bani la tatu. Kufikia Pasaka daftari lake la hesabu lilikuwa limeishia mada ya kwanza, wenzake wako mbali, na mwalimu wa darasa alipofika nyumbani baba alimjibu kwa adabu tu, "Mwalimu, sijamkatalia mtoto shule, nimemkatalia kulala na njaa." Hakurudi. Kwenye taarifa aliandikwa mtoro.

Na hili la kuandikwa mtoro ni tatizo lenyewe. Ukifungua takwimu za elimu za serikali miaka nenda rudi, kwenye sababu za kuacha shule utoro ndo unaongoza kwa mbali kuliko mimba, vifo, ugonjwa na mengine yote. Sasa utoro ndicho tunachokiona mwishoni, nyuma yake kuna bani, kuna njaa ya saa saba mchana, kuna geto lisilo na mlango, kuna bodaboda anayemlisha binti chipsi. Tukiandika utoro halafu tukatoka na suluhisho la utoro, tutaishia kwa mtendaji na mgambo. Wamefanya hivyo sana huku. Mzazi analala mahabusu siku mbili, anatoka na deni la faini, na deni hilo analilipa nani? Mtoto, kwa kibarua.

Haya, upande wa pili. Wanaopinga wana hoja tatu ambazo mi nazichukulia kwa uzito.

Ya kwanza ni kwamba watoto wengi wanaacha kwa sababu hawaelewi kinachofundishwa. Wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, wanaingia kidato cha kwanza kila kitu Kiingereza, mwalimu wa fizikia hakuna, wa hesabu mmoja shule nzima. Kwanini umlipe mtoto abaki kwenye darasa lisilomfundisha? Hii ni kweli na inauma. Meksiko walikuwa na programu yao ya PROGRESA kuanzia 1997, wakawa wanazilipa familia maskini kwa sharti mtoto ahudhurie shule, na uandikishaji wa sekondari ulipanda, hasa kwa wasichana. Lakini waliopima walichojifunza hao watoto hawakuona ongezeko la maana kwenye alama za mitihani. Kwahiyo anayesema ajirini walimu kwanza hajakosea. Ninachomuuliza ni kimoja tu: mwalimu akija mwaka kesho kutwa, yule wa bani atakuwa wapi? Mwalimu hawezi kumfundisha mtoto ambaye hayupo darasani.

Ya pili ni kwamba miradi inakuja na kuondoka. Tumeona wenyewe. Kuanzia 2011 kulikuwa na mradi wa PROSPER huku Urambo na Sikonge, wa kupambana na ajira za watoto kwenye tumbaku, hela ikitoka kwa taasisi ya ECLT ya Uswisi, mambo mazuri yalifanyika, na muda wake ulipoisha ukaisha. Kigoma majirani zetu wana programu ya pamoja ya mashirika ya Umoja wa Mataifa tangu 2017 ambayo elimu ya wasichana imo ndani yake, na wao pia inabidi wajiulize siku wafadhili wakibadili vipaumbele itakuwaje. Hapa nakubaliana na wapinzani moja kwa moja. Mtoto anayeanza kidato cha kwanza anahitaji uhakika wa miaka minne, mradi wa miaka mitatu unamwacha njiani.

Ya tatu ni TASAF, mfuko wa serikali unaozipa hela kaya maskini. Watu wanasema kaya maskini tayari zinalipwa, zaidi ya kaya milioni moja nchi nzima, na sharti la mahudhurio ya shule limo, mnataka nini tena? Na wengine wanaongeza kwamba hata kwenye kuandikisha hizo kaya kulikuwa na upendeleo. Ni kweli kuna malalamiko mengi mitaani. Lakini TASAF inatafuta kaya maskini kuliko zote, ina vigezo vyake, na mkulima wa tumbaku mwenye ekari tatu na bani lake mara nyingi hayumo, kwa sababu mwezi wa saba akilipwa anaonekana ana hela. Umaskini wake una msimu. Mtoto wake anaanguka katikati, TASAF haimuoni na baba hana.

Swali lingine linaloulizwa ni kama hela itolewe kwa masharti au bila. Malawi, wilaya ya Zomba, kati ya 2008 na 2009 walijaribu vyote viwili kwa wasichana. Waliopewa kwa sharti la kuhudhuria waliacha shule kidogo kuliko wale waliopewa bila sharti. Lakini waliopewa bila sharti ndo waliopata mimba na kuolewa mapema kwa kiasi kidogo zaidi, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitoka kwa wale waliokuwa wameshaacha shule, maana hela haikukatika walipoacha. Kwa sisi hili lina maana kubwa sana. Tangu Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni, nani anamlea mtoto, nani anamnunulia maziwa, waraka haukuweka hela. Sharti kali kwamba ukikosa siku kadhaa unakatiwa litamkata yeye wa kwanza, siku mwanae anaumwa. Mi ningesema sharti liwepo ila lisimamiwe na mtu anayemjua mtoto, mwalimu mlezi na mwenyekiti wa kitongoji, wakae waulize kwanza.

Sasa hela itoke wapi. Hapa ndo naona mjadala wetu unakwama bila sababu, maana kila mtu anatazama Dodoma au wazungu, wakati hela iko kwenye tumbaku yenyewe. Halmashauri zetu zinakusanya ushuru wa mazao, kwa zao la biashara ni asilimia 3 ya thamani, analipa mnunuzi. Kila bilioni moja ya tumbaku inayouzwa inaacha milioni 30 halmashauri. Tuchukue moja ya kumi tu ya hiyo, milioni 3. Tuseme mtoto mmoja aliye hatarini anahitaji laki moja kwa mwaka, ya chakula cha mchana miezi ile migumu, madaftari, sare moja na petroli ya mwalimu kumfuatilia, basi kila bilioni inabeba watoto 30. Na tumbaku inayotoka huku haiuzwi kwa bilioni moja wala mbili. Hii hela haina mfadhili wa kubadili mawazo, inakuja kila msimu na inapanda na zao.

Mtu atasema ushuru huo tayari una kazi, kuna asilimia 10 ya mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu inayokatwa kwenye mapato ya ndani, kuna zahanati, kuna barabara, na msimu mbaya mapato yanashuka. Ni kweli, madiwani watabanana. Lakini barabara inajengwa ili tumbaku ya nani ipite? Yule aliyekesha na moto naye alichangia kwenye hiyo asilimia 3, tena bila kulipwa, na kurudishiwa daftari na bakuli la makande ni haki yake kabla hatujaanza hata kuongea habari ya huruma.

Jambo la mwisho ni muda, na wenzetu wa halmashauri ndo nawaomba walisikie zaidi. Ushuru mwingi unaingia kati ya mwezi wa tano na wa nane. Majina ya watoto wa kidato cha kwanza na cha pili walioanza kukosa kosa yanajulikana na walimu wa madarasa, huhitaji mshauri kutoka mjini. Hela ikitengwa Agosti, majina yakapitiwa Novemba kwenye mkutano wa kijiji mbele ya watu wote ili asiingie mtoto wa mwenyekiti, mahindi na maharage yakanunuliwa yakiwa bado bei chini yakakaa stoo ya shule, basi Februari bani likiwashwa chakula kipo tayari. Ikitengwa Machi kama tunavyozoea, itafika mezani mwezi wa sita, wakati yule wa usiku ameshakuwa kibarua kwenye shamba la mtu mwingine.