Kaske ya mjomba na mbuzi wa Kalemie

Mjomba alikataa kuvua kofia. Mahari ya mpwa wake haiongelewi kichwa wazi, alisema, kwa hiyo ile kaske ya USB, vile vipokea sauti vya kichwani vyenye mikro ya kuongelea, tukamvalisha juu ya kofia, masikio yakabaki nje, mikro ikaning'inia pale ndevu zinapoanzia. Mimi hilo halikunisumbua. Sauti ya wakwe ilikuwa inatokea kwenye spika za kompyuta ili wazee wote wasikie. Kaske tuliihitaji kwa ajili ya mikro yake tu.

Wakwe walikuwa Kalemie, sisi tuko Lubumbashi, Katuba, kote ni Kongo. Kabla ya 2015 sote tulikuwa watu wa Katanga moja. Siku hizi wao ni mkoa wa Tanganyika na sisi ni Haut-Katanga, ila barabara haikupata habari za mgawanyo, ubaya wake ni uleule. Msimu wa mvua dereva wa lori anaweza kukwama kijijini mpaka akaanza kusalimiwa kwa jina. Familia zikakubaliana kuongea kwa video, na mimi kaka wa bibi harusi, kwa kuwa nina kompyuta, nikapewa cheo cha tekinisie. Cheo hakina mshahara, lakini lawama zake zinalipwa siku hiyohiyo.

Kompyuta yangu ni ya zamani, Windows mpya iliikataa kitambo, kwa hiyo badala ya Windows inaendesha mfumo mwingine, Linux Mint 22. Na hapa mtu asiniletee maneno. Flash za mtaa mzima zimechomekwa humo na virusi vyake vyote, na haijaugua.

Mkutano ukaanza vizuri. Salamu, maombi, salamu tena, habari za mvua, habari za waliofariki. Mzee msemaji wa Kalemie alisema mara kwa mara, "Mko mnaongea pole pole sana," yaani sauti ni ndogo, mjomba akadhani anasifiwa adabu. Nikaupandisha mstari wa mikro hadi asilimia 100. "Sasa tunasikia kidogo," wakasema. Nikaongeza hadi 150, maana PipeWire, programu inayopitisha sauti kwenye Linux, inaruhusu kupita mia, na sasa wakasikia shaa kama ya mvua juu ya mabati, na nyuma ya mvua hiyo, mbali sana, mjomba.

Ikafika orodha. Suti ya baba, sawa. Vikwembe vya mama, sawa. Jembe, sawa. Sasa mbuzi. Mbuzi wenyewe ni jina tu, kila mtu anajua watafika kwa dola, lakini wanahesabiwa kama mbuzi na wanabishaniwa kama mbuzi. Mjomba ana tabia moja: namba kubwa huitaja kwa sauti ndogo, ili isimshtue mtu. Akainamisha kichwa, akasema, "Mbuzi kumi na mmoja."

Kalemie wakapiga vigelegele.

Upande wetu kimya. Wazee wakatazamana. Hakuna aliyewahi kuona wakwe wanakubali mbuzi kumi na mmoja bila hata kukohoa. Msemaji wao akasimama, akacheka, akasema familia yetu ni ya watu waungwana, watu wasiouza mtoto. Mjomba akanigeukia amechukia. "Hawa wana pesa," akaniambia. "Ningesema ishirini."

Basi msemaji akarudia orodha ili iandikwe: suti ya baba, vikwembe vya mama, jembe, na mbuzi mmoja.

Dada yangu alikuwa nyuma ya pazia, mahali ambapo bibi harusi hatakiwi kuwa. Pazia ndilo lililopiga kelele ya kwanza. Baba akasimama. Shangazi akauliza kama wakwe wanaoa binti au wanaoa kuku. Kalemie nao hawakuelewa hasira inatoka wapi, maana kwao neno lilisemwa na neno lilikubaliwa, tena mbele ya pasta. Ikabidi niingie mbele ya kamera nipige kelele kwamba mashini yetu inaumwa, tunaomba turudiane saa kumi.

Kilichotokea kilikuwa rahisi kuelewa, ingawa hakuna aliyetaka kukielewa. Programu za kuongea kwa video zina kazi ya kusafisha kelele. Sauti ya mtu ikiwa ndogo sana, inachukuliwa kama uchafu wa chumba na kufutwa. "Mbuzi" ilipita. "Kumi na" ilifagiliwa pamoja na feni. "Mmoja" ikafika.

Ushauri ukaanza kumiminika. Shangazi alisema nipulize kwenye mikro. Jirani anayeshughulikia vyombo vya muziki kanisani alitaka kuleta mikisa nzima pamoja na spika zake mbili. Baba alisema ninunue kompyuta. Nikaanza na vitu vya kijinga, kwa sababu mara nyingi ndivyo vyenye makosa: swichi ya kunyamazisha iliyo kwenye waya wa kaske ilikuwa wazi, tundu la USB nikabadilisha, povu la mikro nikalitoa nikalirudisha. Hakuna kilichobadilika.

Nikafungua dirisha jeusi la kuandikia amri. Amri ya arecord -l ikanionyesha kaske ikiwa kadi yake yenyewe ya sauti, maana kaske ya USB haitumii kadi iliyo ndani ya kompyuta, inakuja na yake. Nikarekodi sekunde tano moja kwa moja kutoka kwenye kadi hiyo, bila kupitia PipeWire. Neno la kujaribia lilikuwa ni lilelile lililotuletea vita, kwa hiyo nikawa nasema, "Mbuzi kumi na mmoja," nasikiliza, narudia, "Mbuzi kumi na mmoja," dirisha likiwa wazi kwa sababu ya joto. Kabla ya saa nane avenyu yote ilijua bei ya dada yangu, na mama mmoja muuza mkaa alishapita kusema kwamba ni ndogo.

Sauti iliyorekodiwa ilikuwa hafifu vilevile. Basi ugonjwa haukuwa kwenye mkutano wala kwenye PipeWire, ulikuwa chini zaidi, kwenye ALSA, pale kernel, yaani kiini cha Linux, inapozungumza na kaske. Nikafungua alsamixer, programu ya kurekebisha sauti za ALSA, nikabonyeza F6 nikachagua kaske, nikabonyeza F4 nione upande wa kurekodi. Mstari wa mikro ulikuwa umelala kwenye 18. Juu, kwenye picha za kupendeza, asilimia 150, chini, 18. Yaani nilikuwa nazidisha sauti ambayo ilikwisha kunyongwa mlangoni, na ndiyo maana kilichokua ni shaa peke yake.

Kwa kawaida mstari wa juu ukipanda unauvuta na wa chini. Huu haukuvutwa. Nikaenda kwenye usanidi wa kaske, nikakuta imewekwa kwenye profaili ya Pro Audio. Profaili hiyo inawapa watu wa studio kadi ikiwa mbichi, bila kugusa virekebisho vyake. Mstari wa juu unabaki kucheza ndani ya programu tu. Nikauliza nani kaigusa kompyuta. Mtoto wa shangazi, kijana wa sekondari, akajibu kwa fahari kabisa, akiniita yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake: "Yaya, ni mimi. Ilikuwa kwa ya kawaida, nikaiweka kwa ya pro."

Nikairudisha kwenye ya kawaida. Mstari wa juu nikaushusha hadi 100, na safari hii ule wa ALSA ukavutwa nao, ukatoka kwenye 18 ukapanda. Kwenye alsamixer nikabonyeza F5 nione vyote, nikaona swichi ya Auto Gain Control, imezimwa, nikaiwasha kwa herufi M. Swichi hiyo ni ya kaske yenyewe: mtu akipaza sauti inapunguza, kukiwa kimya inapandisha, inatafuta hata kilicho mbali. Nikarekodi mara ya mwisho. Mbuzi kumi na mmoja, wote wapo, hata feni inasikika.

Saa kumi tukarudi. Kofia, kaske juu yake. Mjomba akasema namba yake, na safari hii Kalemie hawakupiga kigelegele hata kimoja. Wakaomba radhi, wakasema wao ni wavuvi, samaki wa ziwa wamepungua, mbuzi kumi na mmoja ni zizi zima. Wakaomba dakika chache watete. Wakazima mikro yao, kama watu wanaojua mambo.

Sisi hatukuzima yetu. Mjomba alikunja mikono, akatazama dari, akaonekana mtu wa msimamo. Chumba kikawa kimya, na kwenye skrini nikaona kijani cha mikro kinapanda chenyewe, taratibu, kinatafuta. Nikanyoosha mkono. Mjomba akamwinamia baba, kwa ile sauti yake ya namba, akasema, "Usiogope, shemeji. Mimi hata kwa sita nafunga."

Kalemie wakawasha mikro. Msemaji alikuwa anajizuia kucheka, na pasta nyuma yake hakuweza kabisa.

"Mzee," akasema, "sasa mashini yenu imepona. Tumesikia vizuri sana. Sita tumekubali."

Mjomba alibisha hadi jua likazama. Alisema lile lilikuwa neno la ndani, neno la ndani haliandikwi. Mwishowe tukafunga kwa mbuzi saba: sita wa mjomba, na mmoja, alieleza msemaji, yule waliyekwisha kumpigia vigelegele asubuhi.