Kitabu cha kumtia moyo bibi kifike hadi langoni

Naomi anarudi Bethlehemu akiwa amemzika mume na wana wawili katika nchi ya Moabu. Wanawake wa mji wanaulizana kama kweli ndiye, naye anawajibu: "Msiniite Naomi, niiteni Mara." Mara ni uchungu. Katika sura yote ile, ya kwanza ya kitabu cha Ruthu, hakuna anayemkemea, wala anayemwambia kwamba imani yake imepungua. Nimeisoma sura hiyo kwa sauti mara nyingi katika kikundi chetu cha akina mama hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, wengi wao wajane wa miaka 65 na zaidi, na kila tukifika hapo hata wale wanaopenda kusinzia hufumbua macho.

Naanza na Naomi kwa sababu kuna ubishi katika makanisa yetu ambao haujaisha. Je, inafaa kutumia fedha na nguvu kuandika vitabu vya Kikristo vya kuwatia moyo wanawake waliozeeka? Wapo wanaosema ni kazi ya Mungu iliyocheleweshwa. Wapo wanaosema ni anasa: bibi anahitaji dawa ya presha na bati la nyumba, maneno anayo ya kutosha.

Hao wa pili wana hoja, na sipendi zinavyopuuzwa. Bibi wengi wa vijijini waliacha shule mapema sana au hawakuingia kabisa, kwa kuwa ada ilikuwa ya kaka zao. Waliosoma, macho yamechoka, na miwani ni gharama. Halafu kuna bei. Mpango wa serikali wa SAGE humpa mzee shilingi 25,000 kwa mwezi, na siku hizi ni kwa waliofikisha miaka 80. Ukiuza kitabu chako shilingi 20,000, umemwomba akupe karibu posho yake yote ya mwezi.

Lakini hoja yao iliyonigusa zaidi ni nyingine. Wanasema vitabu hivi, hata vikitolewa bure, vina wimbo mmoja tu: vumilia. Mjane ambaye mashemeji wamelima hadi mlangoni pake anaambiwa hazina yake iko mbinguni. Ni kweli iko mbinguni. Ila akisikia hilo peke yake, anayefaidi faraja hiyo ni shemeji.

Vitabu vinavyotujia kutoka Marekani na Uingereza navyo vina kasoro yao. Vinamwambia mama kwamba watoto wameondoka, nyumba imekuwa kimya, sasa ana nafasi ya kumtafuta Mungu na kusafiri kidogo. Nyumba ya bibi wa Kanungu au Rakai ilikuwa kimya lini? Ukimwi ulichukua wana na mabinti, ukamwachia wajukuu watano wa kuamsha alfajiri, kuwatafutia sare na kuwapikia uji. Ushauri kuhusu upweke wa nyumba tupu kwake ni habari za sayari nyingine.

Pamoja na hayo yote, mimi niko upande wa vitabu. Nitaeleza kwa nini, na kwa masharti gani.

Kwanza, anayesema bibi hasomi amesahau jinsi kitabu kinavyosomwa kwetu. Mjukuu wa darasa la sita anasoma kwa sauti, bibi anasikiliza huku akichambua maharage, na pale penye uzito anasema, "Rudia." Kitabu kimoja kinahudumia nyumba nzima, na katika kikundi kinahudumia akina mama 30. Pia nimeona mahali kitabu kinapohifadhiwa. Mama mmoja wa kikundi chetu alifungua sanduku lake la bati kunionyesha kijitabu cha sala, kimevikwa gazeti kisichafuke, nacho kimelala juu ya karatasi za makubaliano ya shamba na nguo aliyoagiza azikwe nayo. Hicho si kitu cha anasa. Amekiweka pamoja na vitu ambavyo hayuko tayari kuvipoteza.

Pili, kanisa lina semina za vijana, za wachumba, za wanandoa. Mwanamke akishapita umri wa kuzaa na kulea, mafundisho yanayomlenga yeye ni machache, anabaki kuombewa. Barua kwa Tito sura ya 2 inasema kinyume: wazee wa kike ni walimu wa mema. Baganda walilijua jambo hili kabla ya Biblia kufika, ndiyo maana wana senga, shangazi anayemfunda binti. Kumwandikia mwanamke mzee ni kumkumbusha kwamba bado ana darasa.

Kwa lugha gani, basi? Hapa tusiwe na haraka. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Mwandishi anayesikia hivyo anaweza kudhani akiandika kwa Kiswahili amewafikia bibi wote. Mwanamke wa Buganda mwenye miaka 70 leo alikuwa binti mwaka 1971, Idi Amin alipochukua nchi. Kiswahili alikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa askari wenye bunduki. Amri ya kukifanya lugha ya taifa, mwaka 1973, ilitoka kwa Amin huyohuyo. Hata waliomwondoa, Watanzania walioingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, walikuwa wanajeshi wenye kusema Kiswahili. Mama huyo ukimletea maneno ya faraja kwa lugha hiyo, sikio lake linaweza kukataa kabla moyo haujaamua. Yeye aandikiwe Kiganda.

Hata hivyo wapo ambao Kiswahili ndicho wanachotumia kusali. Sisi wa Tororo, Busia na Malaba, Mteso, Mjopadhola na Msamia tukikutana kwenye ibada moja, ndicho kinachotuunganisha. Wajane wa polisi na wa jeshi walioishi kambini miaka 30 wanaombea watoto wao kwa Kiswahili. Na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyaka II na Rwamwanja wapo mama wazee wa Kikongo waliozika wapendwa njiani, pasipo hata kujua wataonyesha kaburi wapi. Kwao, "Usinitupe wakati wa uzee" ya Zaburi 71 ikisomwa kwa Kiswahili haihitaji mfasiri.

Sasa masharti yangu, ambayo kwa kweli ni moja. Anayeandika amfuate Naomi hadi mwisho. Wahubiri wengi hurukia Obedi, mtoto wa mkwewe Ruthu, anayewekwa kifuani pa bibi, na ni picha nzuri sana, hasa kwa bibi mlezi. Lakini kabla ya mtoto kuna sura ya 4, mistari yake ya kwanza: Boazi, jamaa wa mumewe Naomi, anapanda langoni, mahali pa baraza la mji, anawaketisha wazee 10, na jambo la kwanza analotaja ni shamba la marehemu mume wa Naomi. Biblia yenyewe, ilipotaka kumfariji mwanamke mzee, ilishughulikia ardhi yake mbele ya mashahidi.

Kitabu cha Uganda chenye sura moja kama hiyo kingeeleza kwa lugha ya nyumbani kwamba Sheria ya Urithi ilirekebishwa mwaka 2022. Kwamba mume akifa bila wosia, akaacha mke, watoto na wategemezi, fungu la mjane ni asilimia 20. Kwamba kumfukuza kwenye nyumba aliyoishi na mumewe ni kosa la jinai. Kingeeleza pia kwamba haki hiyo inategemea ndoa inayotambulika kisheria. Cheti cha ndoa kina uzito, na kanisa lililofunga ndoa hiyo lina wajibu wa kutunza kumbukumbu zake. Baada ya hapo, sala.

Mchungaji mmoja ninayemheshimu alinipinga juu ya hili, na sijamshinda kabisa. Alisema kitabu cha roho kikianza kubeba sheria kitaacha kuwa mahali pa kupumzikia. Mama wa miaka 82, alisema, anataka kuzungumza juu ya kifo, na kila mtu nyumbani anamnyamazisha: "Bibi, usiseme hivyo." Kitabu ndicho pekee kinachoweza kukaa naye kwenye mazungumzo hayo. Pia aliogopa mama kuchochewa kuwashitaki wanawe. Juu ya kifo nakubaliana naye kwa moyo wote. Sura hiyo ni muhimu kuliko ile ya furaha ya wajukuu. Juu ya wana, nadhani mama anayejua haki yake huweza kukaa na wanawe mapema, mbele ya wazee, kabla jambo halijafika mahakamani. Langoni pa Bethlehemu hakuna aliyepelekwa gerezani.

Na nani aandike? Uamsho ulioenea kwetu miaka ya 1930, wa Balokole, ulitufundisha kutoa ushuhuda kwa kusimama na kusema. Akina mama hawa ndio wenye shuhuda, na wengi hawajawahi kuulizwa. Kijana mwenye simu anaweza kurekodi, mhariri akaandika bila kuzipamba, kisha akamsomea mwenyewe kabla ya kuchapa, aondoe asichotaka majirani wakijue. Herufi ziwe kubwa. Pale Nasser Road, Kampala, mpiga chapa atakutolea nakala chache, uzigawe kwa vikundi, si kwa mtu mmojammoja. Sauti zenyewe ziwekwe kwenye memori kadi ya redio ndogo, zile ambazo bibi huziacha zikiongea usiku kucha kando ya kitanda.

Katika kikundi chetu tumeanza na shuhuda nne. Wa kwanza kuulizwa alikaa kimya kitambo, kisha akataka kujua kama anaruhusiwa kuanzia kwenye mambo machungu.