Core i7 ya kizazi cha ngapi?

Jumamosi dogo, mtoto wa mamdogo, kanipigia yuko Kariakoo kununua kompyuta, furaha mpaka maneno yanagongana. "Broo nimepata i7! Laki na nusu, jamaa alikuwa anataka laki na themanini." Nikamuuliza ya kizazi cha ngapi. Kimya. Nikamsikia anamgeukia muuzaji, "eti ya kizazi cha ngapi hii?", na muuzaji bila hata kupepesa: "Hiyo original boss, mzigo wa UK."

Nikamwambia anipige picha. i7-4770. Prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel ya 2013, kizazi cha nne aisee. Na kishalipa.

Sasa simlaumu dogo, pesa kaichanga mwenyewe na alitaka mashine yake iache kukwama. Ninaowasema ni hawa wanaouza neno. Siku hizi "i7" imegeuka stika, fungua tangazo lolote utakuta KOMPYUTA YA GEMU CORE i7 RAM 16 SSD MPYA, herufi kubwa zote, halafu hakuna popote palipoandikwa i7 ipi. Ni kama mtu anakuuzia Toyota, ukiuliza ya mwaka gani anakwambia AC inapiga. Watu tunanunua hivyohivyo, tunapanda bodaboda na boksi mapajani tunachekelea.

Wacha niseme hili kwa sauti: i3-12100F, iliyotoka Januari 2022, ina kori 4 (vichwa vya kufanyia kazi) na thredi 8 (kazi inazoshika kwa mpigo). i7-4770 ina kori 4 na thredi 8. Idadi ni ileile! Ila ile "i3" ya kudharauliwa inamwacha mzee wa 2013 mbali sana, maana kila mpigo mmoja wa saa inamaliza kazi nyingi zaidi, inafika 4.3 GHz wakati mzee anaishia 3.9, tena umeme inakula kidogo. Kwenye gemu hicho ndicho unachokitafuta. Namba inayofuata baada ya ule mstari ndiyo prosesa yenyewe, hiyo 3, 5 au 7 ya mbele ni cheo tu.

Lakini hata hilo la cheo ningelimeza. Kinachoniuma ni mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba prosesa.

Mashine ya dogo ni zile desktop za ofisini za mtumba, unazijua, nyembamba, nyeusi, bado ina stika ya namba za kampuni ya watu huko Ulaya. Soketi yake, tundu la prosesa, ni LGA1150, RAM ni DDR3 ya zamani, na ukipanda sana utafika i7-4790 basi, juu hapo ni dari. Ukisema ubadilishe ubao, lile boksi ni la kwao peke yao, plagi za pawa saplai haziingii kwenye ubao wa kawaida, hata waya wa swichi ya kuwashia una mpangilio wake. Kwa hiyo siku ukitaka kuhama unahama na kila kitu: ubao, RAM, pawa saplai, boksi. Ile laki na nusu haijanunua prosesa, imenunua miezi sita ya kujidanganya.

Ndiyo maana kila anayeniuliza "ninunue prosesa gani" namwambia anza na ubao. Prosesa utabadilisha, ubao ndio utakaokwambia unaweza kuweka ipi. Angalia AM4, soketi ya AMD, wapinzani wa Intel: prosesa zao za Ryzen za kwanza ziliingia Machi 2017, na Januari 2024 AMD walikuwa bado wanatoa prosesa mpya ya soketi hiyohiyo, 5700X3D. Yaani mtu aliyenunua ubao wa B450 mwaka 2018 na Ryzen 3 2200G ya kuunga-unga, akishajipanga, anachomoa hiki anachomeka kile, RAM yake ileile. Upande wa Intel mwaka huohuo 2017 walitoa kizazi cha 7 mwezi wa kwanza na cha 8 mwezi wa kumi, soketi zote zinaitwa 1151, prosesa inaingia kabisa kwenye tundu, na haiwaki. Nimeona watu wakirudisha prosesa nzima dukani wakidai ni mbovu.

Haya, AM4 nayo ina visa vyake na mimi kimenikuta. Nilinunua B450 ya mtumba nikaweka Ryzen 5 5600, nikawasha, feni zinazunguka, taa zinawaka, kioo cheusi tii. Nikachomoa RAM nikafuta kwa kifutio, wapi. Kumbe BIOS, programu ya ubao inayoamsha mashine, ilikuwa ya zamani haimjui huyo mgeni, na ubao wangu hauna kile kitufe cha kuflashi (kuweka BIOS mpya) kwa flash disk tu bila prosesa inayokubalika. Ikabidi niazime 2200G ya mshkaji, nikaflashi, ikakubali. Wakati wa kuitoa sasa. Nikavuta feni juu kwa nguvu kama nang'oa muhogo, ikaja na prosesa imeganda chini yake, pesti ya kupitisha joto imekauka kama simenti, pini nne zimelala. Prosesa ya watu! Nilikaa saa nzima mezani na kadi ya benki nainyoosha pini moja moja huku nimeshika pumzi. Ilipona. Kwa hiyo washa mashine kwanza ipate moto, halafu izungushe feni kushoto kulia taratibu ndipo uinue, usiivute. Na muuzaji muulize BIOS ni ya lini, akikuangalia kama umemtukana, ondoka.

Mengine haraka haraka. Ryzen 5 5500 na 5600 zote ni kori 6 lakini 5500 ina keshi (kumbukumbu ya ndani ya prosesa) nusu, 16 MB kwa 32, na njia yake ya kadi ya grafiki inaishia PCIe 3.0, ya polepole kuliko 4.0, kwa hiyo kama kadi yako ni RX 6500 XT inayotumia njia 4 tu, utaumia. Ukiona F mwishoni kwa Intel jua haina grafiki ya ndani, kadi ikifa na wewe umekaa gizani. Ubao wa bei ya chini kabisa usiubebeshe prosesa ya kibabe, utachemka. Na mashine za kizazi cha nne Windows 11 haizitambui rasmi, huku Windows 10 ilisitishiwa huduma Oktoba 2025.

Najua mtakuja na AM5, soketi ya AMD iliyofuata AM4. Sawa, nakubali, kwa shingo upande: ndiyo yenye maisha marefu mbele, AMD wenyewe wamesema wataihudumia mpaka 2027 na kuendelea. Ila haikubali DDR4, ni DDR5 tu, na tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepaa kwa sababu ya hawa wajenzi wa AI, mlo wa mwezi mzima unaishia kwenye vijiti viwili. Mwenye DDR4 yake kabatini akae na ubao wa B550 na Ryzen 5 5600 atulie. Mpenzi wa Intel naye achukue i5-12400F na ubao wa DDR4, sitamgombeza.

Dogo juzi kamrudia muuzaji. Kaambiwa itachukuliwa kwa elfu sitini, "maana ishatumika". Imeshatumika tangu 2013!

Basi kama kuna mtu ana mashine ya ofisini ya kizazi cha nne, anacheza PES 2017 na GTA V tu na hana mpango wa kuhama, hiyo kwake ni sawa kabisa. i7 ipo, laki moja, maongezi yapo.