Baharia akisema ameogopa, msikilize

Kuna kitu kinanikera kila nikiona watu wanajadili video za meli zinazopigwa na dhoruba, nacho ni ile tabia ya kuwagawa mabaharia mafungu mawili, huyu jasiri huyu mwoga, eti yule aliyetulia anacheka huku omo, ile sehemu ya mbele ya meli, inazama kwenye povu ndo mwanaume kweli na yule anayesali kwa sauti pale pembeni ni wa kuchekwa. Yaani tumekaa kwenye kochi lisilotikisika halafu tunagawa maksi.

Wote wameogopa jamani. Tofauti ni kwamba mmoja mikono yake ina kazi. Bahari ikichafuka sana nahodha anapunguza mwendo, anaielekeza omo kwenye wimbi lakini anaacha pembe kidogo ili chombo kisijipige kifua, na injini lazima iendelee kusukuma hata kama meli haisogei, maana mwendo ukiisha usukani haushiki, na meli ikishampa wimbi ubavu hapo ndo basi tena. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito unaozidi kidogo tani moja, sasa piga hesabu mwenyewe sitaha nzima ikifunikwa. Huku ndani watu wanahakiki milango imefungwa, wanakaza minyororo ya mzigo, na wale ambao si zamu yao wamechomeka laifu jaketi chini ya ukingo wa godoro ili limsukume mtu ukutani asiviringike, wanasema wanalala lakini nani anayelala pale. Kutapika nako hakuangalii cheo, hata Nelson, yule amiri mkubwa wa Uingereza, alisumbuliwa na kichefuchefu cha bahari maisha yake yote.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa meli ya mafuta ya jeshi la Marekani, USS Ramapo, Februari 1933, katikati ya Pasifiki ikitoka Manila kwenda San Diego. Wimbi linakuja kwa nyuma, tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli, iko chini bondeni, na afisa wa zamu pale juu anafanya nini? Anapima! Akalinganisha kilele cha wimbi na kituo cha mlinzi kilichopo juu ya mlingoti, na kwa vile vipimo vya meli vinajulikana, hesabu ikaja mita 34. Sidhani kama yule bwana hakuwa na hofu, nadhani alipata cha kuifanyia.

Ila sasa ngoja niseme kinachoniuma zaidi. Mabaharia wamesema kwa muda mrefu sana kwamba kuna mawimbi yasiyo ya kawaida, yanasimama kama ukuta peke yake, na watu wa nchi kavu wakawaona wanaongeza chumvi. Mwaka 1826 Mfaransa Dumont d'Urville aliripoti mawimbi ya zaidi ya mita 30 kwenye Bahari ya Hindi, akiwa na wenzake walioyaona, na bado mwanasayansi Arago akamdhihaki hadharani. Ikabidi isubiriwe mpaka tarehe 1 Januari 1995, mtambo wa gesi wa Draupner kwenye Bahari ya Kaskazini, kifaa cha leza kikapima wimbi la mita 25.6 wakati mawimbi makubwa ya siku ile yalikuwa na wastani wa mita kama 12 hivi. Ndo watu wakakubali. Septemba mwaka huohuo meli ya abiria QE2 ikakutana na la kwake kwenye Atlantiki, karibu mita 29, na nahodha wake Ronald Warwick akasema ilikuwa kama wanaelekea kwenye majabali meupe ya Dover, yale ya pwani ya Uingereza, na safari hii hakuna aliyemcheka. Karibu miaka 170 mtu anaambiwa macho yake yanamdanganya!

Najua mtu atasema hofu nayo inaua, na ni kweli. Kwenye mashindano ya Fastnet, Agosti 1979, dhoruba ilikamata boti za tanga kati ya Uingereza na Ireland, washindani 15 wakafa, na kati ya boti 24 zilizohamwa na watu wake, 19 zilikuja kukutwa bado zinaelea. Hofu isiyo na mpangilio inamtoa mtu kwenye chombo kizima. Lakini dawa yake ni mazoezi, sio kuziba watu midomo.

Maana ukiwaziba yanatokea ya El Faro. Meli ya mizigo ya Marekani, watu 33, usiku wa kuamkia 1 Oktoba 2015, inaelekea kwenye kimbunga Joaquin karibu na Bahamas. Sauti za chumba cha usukani zilirekodiwa, kama saa 26 hivi, na kifaa kikaja kuopolewa kutoka chini kabisa ya bahari. Kwenye saa 5 usiku afisa mmoja anampigia simu nahodha kumwambia hali inazidi kuwa mbaya, baada ya saa 7 mwingine anapiga, anapendekeza wageuze kwenda kusini, jibu ni lilelile, endeleeni. Na ile taarifa ya hali ya hewa aliyokuwa anaitegemea nahodha ilikuwa imeshapitwa na saa kadhaa. Alirudi juu kama saa 10 alfajiri, na asubuhi ile meli ikazama na wote 33.

Tunasema nahodha wengi chombo huenda mrama, sawa, lakini pale alikuwepo mmoja tu na wale maofisa waliongea kwa upole mno, hata wachunguzi walisema hivyo. Mimi naona ingekuwa sheria kabisa, maofisa wawili wakipiga simu usiku mmoja kwa jambo hilohilo, nahodha aamke apande juu akaangalie kwa macho yake, hata kama ndo kwanza amejilaza.