Robo ya kwanza inaanza lini? Maelezo ya zana kwa wakala wa akili unde

Mwambie wakala wa akili unde, yaani programu inayokufanyia kazi ndani ya programu nyingine, asogeze kazi za mradi hadi robo ya kwanza, na kuna uwezekano mkubwa ataziweka Januari. Ofisi ya Dodoma inayoendeshwa kwa bajeti ya Serikali ilimaanisha Julai hadi Septemba, kwa sababu mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai.

Wengi hapo huilaumu modeli, yaani akili unde yenyewe inayomwendesha wakala. Mimi huanza kwa kuangalia alichoandikiwa wakala. Yeye haioni programu ya kusimamia miradi kama tunavyoiona kwenye skrini. Anapewa orodha ya zana: jina, sentensi chache za kueleza zana inafanya nini, na taarifa inazohitaji. Kwa hizo ndipo anaamua aite ipi. Katika MCP, itifaki ya kuunganisha modeli na programu nyingine ambayo Anthropic waliitoa Novemba 2024, jina na muundo wa taarifa ni lazima, maelezo ni hiari. Basi mtu anaandika “Husasisha kazi” na kuendelea na mambo yake.

Wanaotetea ufupi wana hoja. Maelezo ya kila zana husomwa na modeli pamoja na ombi la mtumiaji, na hulipiwa kwa tokeni, yaani vipande vya maneno ambavyo modeli husoma. Zana 40 zenye aya nzima kila moja ni gharama kabla hata mtu hajasalimia. Ukiandika kwa Kiswahili unalipa zaidi, maana ujumbe uleule kwa kawaida hukatwa tokeni nyingi kuliko wa Kiingereza. Tena maneno yakizidi, la muhimu linapotea katikati. Husema pia kwamba modeli za siku hizi zinaweza kukisia zenyewe.

Suala la gharama nalikubali. La kukisia, hapana. Tuseme kampuni ya ujenzi ina saiti Nzuguni, na mratibu anaandika: “Sogeza kikao cha saiti hadi 5/8 saa nne.” Kwa Mmarekani hiyo ni Mei 8, kwetu ni Agosti 5. Na zana inayotaka saa kwa mtindo wa saa 24 inaweza kupelekewa 04:00, fundi bado amelala. Kibaya zaidi, mfumo utajibu kwamba kazi imefanyika, kwa sababu tarehe na saa zote mbili zina umbo sahihi. Hakuna atakayeona kosa mpaka watu wakose kikao.

Ningeandika hivi: “Hubadilisha tarehe, saa au mhusika wa kazi moja ambayo tayari ipo. Haiundi kazi mpya wala haifungi kazi. Mtumiaji hutanguliza siku, kisha mwezi. Wewe andika mwaka-mwezi-siku. Saa anazotaja ni za Kiswahili: saa nne asubuhi ni 10:00. Asipotaja asubuhi au usiku, muulize.” Sentensi ya pili ndiyo naithamini kuliko zote, kwa kuwa zana mbili zinazokaribiana ndizo humchanganya wakala. Mhusika naye atajwe kwa namba yake kwenye mfumo, si kwa jina. Ofisi gani haina akina Juma watatu?

Suala la robo sikuliweka humo kwa makusudi. Ni la ofisi nzima, liandikwe mara moja kwenye maelekezo ya jumla ya wakala. Hasara yake ni kwamba zana hiyo ikikabidhiwa wakala mwingine, maelekezo hayo hayaifuati.

Wapenzi wa maelezo marefu nao huteleza kwingine: wanayageuza kuwa sheria. “Usifute kazi bila idhini ya mhandisi.” Andika, haidhuru, ila modeli hutii mara nyingi, si mara zote. Hata vidokezo vya MCP vinavyoonyesha kama zana inasoma tu au inaharibu data, itifaki yenyewe inaagiza visiaminiwe ikiwa seva iliyovitoa, yaani programu inayotoa zana hizo, haiaminiki. Akaunti ya wakala inyimwe uwezo wa kufuta, na malipo ya mkandarasi yasubiri mtu abonyeze kukubali. Ukishafunga hivyo, nusu ya maonyo unaweza kuyaondoa, na watu wa ufupi wanapata walichotaka. Zana za kusoma tu zinatosheka na mstari mmoja.

Nani aandike? Mwandishi wa programu anajua zana inapokea nini. Mratibu ndiye anayejua kwamba kwao kazi haihesabiwi imefungwa fundi anapomaliza, bali mshauri mwelekezi anaposaini. Wakae pamoja. Kisha mratibu achukue maombi halisi kutoka kundi la WhatsApp la mradi, asome maelezo bila kuona msimbo wa programu, aseme angeita zana ipi. Maombi hayohayo apewe wakala kwenye nakala ya majaribio, na yarudiwe kila zana mpya inapoongezwa, maana mpya inaweza kuanza kuitwa kwa kazi za ile ya zamani.